Sehemu Mbili za Makato

Mkanda wa Zensho Zukeran ulitoka dukani na matundu matano, na kwa miaka yote thelathini aliyofanya kazi katika kinu cha sukari, mzee yule alitumia tundu la pili tu. Mwaka ule akahamia la tatu. Kisha la nne. Karela zilipoanza kuning'inia kwenye kichanja cha uani, la tano nalo likamkataa, ikabidi atie msumari kwenye moto achome la sita mwenyewe.

Alilichoma huku akipiga mluzi. Kunenepa ukiwa na miaka sabini na tisa si jambo la kila mtu, na Zensho hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite bila kulitia chumvi.

"Zensho!" Ushi, mjane wa nyumba ya jirani, alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe. "Mimba hiyo ina miezi mingapi?"

"Saba. Na ni mapacha."

"Baba yao nani?"

"Nguruwe. Ndiyo maana wanarusha mateke wakisikia sufuria."

Ushi alikuwa na miaka themanini na mitatu na jino moja la mbele alilojivunia kuliko wajukuu, na kicheko chake kilifika barabarani. Wapita njia nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, maana ndivyo ilivyokuwa katika kijiji kile cha kaskazini mwa Okinawa. Hakuna aliyetazama upande wa pili wa ua.

Upande wa pili wa ua Makato, mke wa Zensho, alikuwa akifunga aproni yake. Zamani kamba za aproni ile zilizunguka kiuno, zikakutana mgongoni, zikabaki ncha fupi za kutosha fundo. Sasa zilikutana mgongoni, zikapishana, zikarudi mpaka mbele, na fundo likamkaa tumboni kama ua. Zensho aliliona fundo lile. Alidhani ni mtindo.

Ilikuwa hivi. Katika kijiji kile tumbo la mtu lina sehemu kumi. Unakula nane, mbili unaziacha. Kabla hujagusa chakula unasema, "Sehemu nane," kama wengine wanavyosema wanayoyasema mbele ya sahani zao, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza kwa nini, kama ambavyo hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini viatu vinavuliwa mlangoni. Watu walizaliwa wakaikuta, wakazeeka nayo, wakafikisha miaka tisini wakiwa bado wanapanda ngazi kuchuma ndimu.

Nyumba ya Zensho ilikuwa na namna yake ya kuifuata desturi hiyo. Walipooana, yeye alikuwa mkata miwa kabla kinu hakijamchukua, na alirudi jioni akiwa na njaa ya farasi. Alikula nane zake, akasema ameshiba, na macho yake yakabaki kwenye bakuli la mkewe. Makato alikula nane zake, akalisukuma bakuli upande wa pili wa meza.

"Malizia."

Akamalizia. Kumwaga hata punje ya wali kulikuwa aibu ambayo mtu hakuithubutu hata akiwa peke yake na mlango umefungwa. Kesho yake tena, malizia. Wakapata watoto watatu, watoto wakaenda Osaka wakawa watu wa Osaka, na kwa miaka hamsini na minne bakuli la Makato likawa linavuka meza kila mlo. Kwa hiyo Zensho, yeye peke yake kijiji kizima, alikuwa mtu wa sehemu kumi. Hakuna aliyewahi kupiga hesabu hiyo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutoipiga.

Miwa ilipotoa maua, Makato alianza kulisukuma bakuli mapema.

"Saba leo," alisema.

"Saba! Bibi, unataka kugeuka mtakatifu?"

"Malizia, kisipoe."

Asubuhi yake Zensho alikuwa wa kwanza barazani kwa Ushi, mahali ambapo wazee walikutana kunywa chai. Hakukaa hata kitako. "Mke wangu ameshuka mpaka saba," alisema.

"Aaa! Saba!" Wazee walitoa sauti ile ya mtu anayesikia kwamba fulani amepanda mlima. Wawili wakaapa kujaribu siku ileile. Mmoja alishindwa kabla ya adhuhuri.

"Marehemu mume wangu," alisema Ushi, "alikuwa akisema nane huku mkono uko kwenye ya kumi na mbili. Mpe salamu zangu Makato. Na wewe, baba mapacha, uko ngapi?"

"Mimi namuunga mkono."

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo, ndiyo. Unadhani watu huunga mkono chakula kwa kiungo gani kingine?"

Mwezi wa nne wakaja wageni. Mmoja aliitwa Karin, mwanamke mrefu kutoka Uswidi, mwenye viatu vikubwa alivyovipanga mlangoni kwa uangalifu kama anavilaza. Wa pili aliitwa Rie, binti wa mji mkuu wa kisiwa, aliyekuja kumtafsiria. Karin alikuwa akizunguka dunia akitazama jinsi watu wanavyokula bila kuimaliza ardhi. Alikuwa amekaa na watu wanaokula samaki kichwa na macho, na watu wanaojinyima nyama siku kadhaa za wiki, na watu ambao kwao mgeni asipobakiza chakula anamtukana mwenyeji. Na kwao yeye, alisema huku uso ukimwiva, watu wananunua, wanatupa, halafu wanaitisha mkutano kuhusu kutupa.

"Kwenye mkutano kuna chakula?" aliuliza Zensho.

Rie akatafsiri. Karin akafikiri. "Kingi," alisema.

Zensho akampenda palepale.

Karin alikuwa na mizani ndogo ya jikoni. Alipima kila kitu kilichoingia mezani: supu ya matembele, viazi vitamu vya zambarau, karela za kwanza za msimu zilizokaangwa na tofu na yai, masikio ya nguruwe yaliyokatwa nyembamba na kutiwa siki. Aliandika. Kadi za zahanati za mwaka uliopita alizinakili pia, uzito wa mume, uzito wa mke. Kisha akakaa kando, magoti yakimuuma, akangoja wamalize kula ili apime kitakachobaki.

Zensho alikuwa amepata watu wa kusikiliza, na chakula hakikumziba mdomo. Aliwaambia juu ya nguruwe wa babu yake aliyefugwa chini ya choo, jinsi alivyojua kuhesabu watu wa nyumba ile, na mmoja akichelewa asubuhi alikuwa akimwita kwa jina. Aliwaambia juu ya kiazi kilichofukuliwa na kimbunga mwaka aliozaliwa, kiazi kilichoziba barabara, kijiji kizima kikakila siku tisa kuanzia ndani, hadi watoto wakasomea humo mvua iliponyesha.

Rie aliweka kalamu chini. "Babu, na hili nitafsiri?"

"Tafsiri. Na umwambie siku ya tisa tulimkuta nguruwe yuleyule ndani, amenona, amelala."

"Alikuwa anahesabu wanafunzi," alisema Makato taratibu, na hapo hata Ushi, aliyejileta bila kualikwa, alilazimika kushika jino lake.

Karin alipomaliza kucheka aliuliza swali lililomleta. Zile sehemu mbili zinazoachwa, ni za nani?

Zensho aliona macho ya yule mama yanataka nini, akampa. "Za ardhi! Sisi tunakula na ardhi inakula. Mtu akila kumi ameiibia."

"Ni za mkanda," alisema Ushi. "Ili ufunge."

Karin akamgeukia Makato. Makato alikuwa akifuta meza mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Ni za anayekuja na njaa," alisema.

Rie akatafsiri, na Karin akaandika mstari mrefu mara tatu ya maneno yenyewe. Makato alikuwa ameshakula matonge matano, sita kwa vijiti vyake. Bakuli lake lilivuka meza, na Zensho, bado akiwa ndani ya kiazi chake, akalimalizia. Vyombo vikapimwa. Hakikubaki kitu. Maganda yalikwenda kwa kuku, mifupa kwenye tuta la mboga.

"Sifuri," alisema Rie, na Karin akapiga makofi, machozi yakimlenga. Nyumba ya kwanza yenye sifuri kamili katika safari yake yote. Alimpiga picha Makato akiwa ameinua bakuli jeupe. Mizani ilikuwa imepima vyombo, na vyombo havisemi mdomo gani umevimaliza.

Joto likaja. Makato akashuka hadi sita, akashuka hadi tano. Zensho alizipeleka namba hizo barazani kila moja ilipozaliwa, kama mtu anayepeleka habari za mtoto wake shuleni. Makato akaombwa azungumze na kina mama katika ukumbi wa kijiji. Alizungumza dakika mbili, amekaa, akasema hakuna siri yoyote, wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake.

Siku moja Zensho alimkuta kati ya matuta, amechuchumaa, kiganja kimebanwa chini ya kifua, kichwa kimeinama kama anayesikiliza.

"Unasikiliza nini, Bibi?"

"Mdudu."

"Mwambie aache kula karela zetu."

Makato akacheka, halafu akaacha kucheka ghafla, akashika mti wa kichanja. Zensho alimpa mkono kumwinua. Mkono ule ulikuja wenyewe, hauna uzito, kama kuinua kapu ambalo ulidhani lina viazi ukakuta ni tupu. Kitu kidogo kikamgusa mgongoni, cha baridi.

"Bibi, si unazidisha? Nne ni kidogo."

"Jana si ulimwambia Ushi ni nne? Unataka leo niwe nane, uonekane mwongo?"

"Mimi nishazoea kuonekana mwongo."

"Basi zoea mara moja kuonekana mkweli," alisema, na akampiga kikofi begani. Na kile kitu cha baridi kikaondoka, kwa sababu Zensho alitaka kiondoke. Jioni ile alikula sehemu kumi na nne. Msumari ukarudi kwenye moto, akachoma tundu la saba.

Mwezi wa tisa Karin akarudi. Safari hii alikuwa na mizani kubwa, ile ya kupanda kwa miguu. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima vyombo, alieleza Rie, ya pili ni kupima watu.

Ushi alipanda kwanza, na nguo zote. "Toeni kilo mbili za ukaidi," aliwaambia. Karin akaandika, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Zensho akapanda, akavuta pumzi, akainua kidole kimoja cha mguu. Kilo sabini na nane. Mwaka uliopita, kadi ilisema sitini na tisa.

"Ni hewa," alisema Zensho. "Mimi hunenepa kwa kupumua."

Makato alisema ana nguo za kuanika. Akasema kuku hawajala. Akasema mizani itachafuka. Hatimaye, kwa kuwa mgeni alikuwa ametoka mbali na bado amesimama, alivua ndara, akapanda.

Rie aliinama kusoma. Karin naye akainama, akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwezi wa nne, akaweka kidole kwenye namba moja, akatazama tena chini.

"Ngapi?" aliuliza Zensho. "Rie, ngapi?"

"Thelathini na nne, Babu."

Kadi ya zahanati ilikuwa imesema arobaini na saba.

"Mwambie mizani yake imezoea watu wa baridi," alisema Zensho. "Hapa inaona aibu."

Hakuna aliyecheka. Alimtazama Ushi, ambaye kwa miaka hamsini hajawahi kuacha neno lake lianguke chini, na Ushi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wote, jino na vyote.

Karin alipiga magoti mbele ya Makato, akamshika kifundo cha mkono, na vidole vyake vikazunguka vikapitana. Akauliza kitu kwa sauti ndogo. Rie akatafsiri.

"Anauliza, unaumwa wapi?"

Makato akazitafuta ndara zake kwa mguu.

"Anasema kwao mzee akiacha chakula hawahesabu alichoacha. Wanauliza hivyo. Anasema mwezi wa nne hakuuliza, kwa sababu alidhani hapa ni... alidhani ni desturi. Anaomba umsamehe."

Makato aliwatazama wote mmojammoja, akamalizia kwa mumewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa akificha kitu cha thamani. Akaweka kiganja chini ya kifua.

"Hapa," alisema. "Tangu miwa ilipotoa maua."

Hospitali ya mjini iliwaweka siku tatu, na daktari, kijana mwenye sauti laini, akamwita Zensho kwenye chumba chenye viti viwili. Uvimbe ulianzia tumboni na haukubaki tumboni. Hakuna tena cha kukata. Wiki kadhaa, pengine mpaka mwaka mpya.

"Aliacha kula lini, mzee?"

Zensho alifungua mdomo. Mtu aliyeweza kukaa siku tisa ndani ya kiazi kimoja hakuona neno hata la kushika.

"Alikuwa akishuka," alisema mwisho. "Tulikuwa tunampigia makofi."

Makato hakutaka kufia mjini. Wakarudi. Zensho alimtandikia mkewe godoro karibu na mlango wa uani, mahali ambapo angeona kichanja, akakaa kando yake, mikono imelala juu ya tumbo lake kubwa kama vitu vya mtu mwingine.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kula."

"Ningeacha, ndiyo!"

"Ndiyo hivyo. Nyumba moja wagonjwa wawili, karela zipaliliwe na nani? Na Ushi?"

"Usinifanyie mzaha, Bibi."

"Nani kakufundisha kukataa mzaha?" Alipumzika kidogo, kwa sababu sentensi zilikuwa zimeanza kumgharimu. "Kila nilichokula kilikuwa kinarudi. Mara ya kwanza nilitapika nyuma ya banda la kuku nikalia, si kwa maumivu. Niliona wali ule pale chini. Nikasema, kukitia chakula ndani ya mtu asiyeweza kukishika ni kukitupa tu. Bora kivuke meza."

Zensho akahisi hasira inampanda, hasira asiyojua aishike wapi. "Kwa hiyo mimi nilikuwa jaa lako? Miezi yote hii nakula ugonjwa wako, nachoma matundu, najisifu kijiji kizima!"

"Jaa?" Makato aligeuza kichwa taratibu. "Zensho. Wewe ndiye uliyekuja na njaa."

Zensho akatoka uani, akasimama karibu na kuku muda mrefu.

Kuanzia kesho yake alipika. Hakuwahi kupika maishani zaidi ya maji. Alichemsha miguu ya nguruwe na mwani saa nne nzima, akaunguza sufuria, akaanza upya. Ushi alikuwa akimwelekeza kutoka ng'ambo ya ukuta, "Punguza moto! Hicho si kinu!" na safari hii hapakuwa na kicheko nyuma ya sauti yake. Supu ilipokuwa laini kiasi cha kunyonywa, aliijaza kwenye bakuli la mkewe mpaka ukingoni, akapiga magoti.

"Leo kumi, Bibi. Mara moja tu. Kula kumi."

"Kumi?" Makato alitabasamu. "Sijawahi kufika huko. Kukoje?"

"Kuzuri. Nimekaa huko miaka hamsini na minne."

Alikunywa kijiko kimoja. Akanywa cha pili. Zensho alikuwa akihesabu kwa midomo. Cha tatu alikishika kinywani kwa muda mrefu, akakimeza kama mtu anayepanda ngazi, akalisukuma bakuli. Lilisogea upana wa kidole tu, lakini lilisogea.

"Malizia."

"Simalizii."

"Zensho."

"Nimesema simalizii. Ni lako. Nitalingoja."

Akalingoja. Supu ikapoa, mafuta yakaganda juu yake utando mweupe. Makato alikuwa amefumba macho. Zensho akachukua bakuli, akatoka nalo mpaka kwenye tuta la mboga, akasimama. Hakuna aliyekuwa akimwona. Akaliinamisha.

"Unamwaga?"

Sauti ile ilikuwa sauti ya Makato wa zamani, yule aliyeweza kuita watoto kutoka mtoni. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko kimoja, anatetemeka mwili mzima.

"Hakuna tone lililomwagwa nyumba hii tangu nilipoingia," alisema. "Hata kimbunga kilipochukua paa. Usinianzishie leo. Nimebakiwa na kitu gani kingine, Zensho?"

Akarudi. Akakaa mahali ambapo Makato angeweza kumwona. Akala supu ile ya baridi kijiko kwa kijiko, machozi yakiingia humo humo, na Makato alikisindikiza kila kijiko kwa macho, kutoka bakulini hadi mdomoni, kama kwamba anayekula ni yeye.

"Na mfupa," alisema.

Akaunyonya mfupa.

"Vizuri."

Makato akalala tena chini. Ndivyo walivyokula siku zote zilizobaki. Yeye alikuwa akionja, mumewe akimalizia, na hapakuwa na mtu aliyetaja namba.

Makato alifariki asubuhi, miwa ikiwa imetoa maua mara ya pili. Watoto walikuja kutoka Osaka, wakalia, wakakaa siku zao, wakamsihi baba yao aende nao, wakarudi bila yeye. Kutoka Uswidi ikaja bahasha yenye picha ya Makato ameinua bakuli jeupe, na barua fupi kwa mkono wa Rie, kwamba Karin ameiondoa nyumba yao kwenye ripoti yake. Hawezi kuandika sifuri, alisema, maana sasa anajua haikuwa sifuri. Zensho aliweka picha kwenye madhabahu ya wahenga pale sebuleni, karibu na picha ya mama yake. Barazani kwa Ushi aliendelea kwenda. Alikunywa chai. Wazee walimtengea nafasi ya kusema, wakangoja, nafasi ikapita, wakazungumzia mvua.

Na kila asubuhi aliwapikia walioko kwenye madhabahu, kama inavyotakiwa. Bakuli la Makato alilijaza mwenyewe, wali ukapanda juu ya ukingo kama kilima, supu kando, karela kando.

"Leo pia kumi," alimwambia. "Utake usitake. Safari hii hakuna wa kunisukumia."

Akawasha udi. Akakaa. Udi ukaungua ukafupika, majivu yakapinda yakaanguka. Wafu hula mvuke, kila mtu kijijini anajua, na kinachobaki baada ya udi kuisha kinashushwa na kuliwa na walio hai, kwa sababu ni chakula, na chakula hakimwagwi. Asubuhi nyingi alikuwa amekishusha akakila bila kutazama. Asubuhi hii alikishusha, akakiweka mezani upande wake, na akaona.

Bakuli lilikuwa limejaa. Halikupungua hata punje. Maisha yake yote Makato alimwachia mbili, kisha tatu, kisha sita. Sasa alikuwa anamwachia zote kumi.

"Zensho!" Ushi aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Umekula?"

Ushi alizunguka kwa lango, akapanda ukumbini na miguu yake mibovu, akamkuta amekaa mbele ya bakuli, vijiti mkononi.

"Nakula," alisema Zensho.

Akala. Ushi alikaa kando akitazama bustani. Alikula wali wote, karela zote, akainua bakuli la supu akalimaliza, akaokota kwa ncha ya kijiti punje moja iliyonata kwenye ukingo. Bakuli likabaki jeupe, kama lile la kwenye picha.

Kisha akainuka kwenda kuviosha vyombo, akaitoa aproni kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa hajawahi kuivaa. Aliipitisha shingoni, akazichukua kamba mbili, akazizungusha nyuma, na mikono yake ikatafutana mgongoni muda mrefu. Ncha hazikukutana.

"Ushi," alisema, bado amempa mgongo. "Nisaidie."

Ushi akaja nyuma yake, akashika kamba, akavuta. Alilitazama tumbo lile kwa pembeni, na midomo yake ikafunguka, na ikafungwa.

"Vuta tumbo," alisema.

"Nimevuta."

"Vuta tena."